Dokta Hebu na Makofi Yaliyotudanganya

Baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, daktari wetu bingwa wa magonjwa ya tumbo na utumbo anastaafu rasmi tarehe thelathini ya mwezi huu. Kamati ya jarida la wafanyakazi iliniomba mimi wa maabara niandike wasifu wake. Nilikubali upesi, kwa sababu katika hospitali hii hakuna mtu aliyewahi kunisumbua kwa maswali kama yeye, na sijui nani mwingine atakuja kunisumbua hivyo.

Kabla sijaandika hata neno moja nilipita ofisini kwake kumwarifu. Alivua miwani, akanitazama, akatoa sharti. Alisema kama nitaandika sifa tupu, basi nisiandike kabisa. Lazima niweke habari ya makofi, tena yote. Nikamwambia habari ile haimpambi mtu anayeagwa. Akasema ndiyo maana anaitaka. Basi wasomaji mniwie radhi, makofi yanakuja, na kama kuna wa kulaumiwa si mimi.

Jina lake kamili liko kwenye kibao cha mlangoni, lakini tunaolitumia ni wachache. Kuanzia walinzi wa getini mpaka mkurugenzi, sote tunamwita Dokta Hebu. Kila swali lake huanza hivyo: hebu nione, hebu niambie, hebu ngoja kidogo. Wagonjwa wake humwita Mama, hata wale wanaomzidi umri, naye huwaitikia bila shida.

Alikuja kwetu akiwa daktari kijana, mwembamba, mwenye viatu vilivyolia alipotembea, akapangiwa wodi ya wanaume. Huko ndiko alikokutana na wagonjwa ambao wakati ule kila mtu aliwakwepa, watu wenye uvimbe sugu wa utumbo. Katika ugonjwa huu kinga ya mwili huushambulia utumbo wenyewe. Utumbo unavimba, unatoka vidonda, mgonjwa anaharisha damu na kukonda. Unaweza kutulia miezi, kisha unarudi bila hodi. Enzi hizo kila daktari alikuwa na dawa yake aipendayo. Huyu alianza na vidonge, yule na dripu, na wa tatu alimwita mpasuaji. Dokta Hebu akauliza kwa nini mgonjwa wa dirishani kapewa hii na wa mlangoni kapewa ile, ilhali wanaumwa kitu kimoja. Aliambiwa ni uzoefu. Jibu lile halikumtosha, na nadhani halijamtosha mpaka leo.

Sisi tunaopima vinyesi tumezoea kusalimiwa kwa mbali. Watu hutupungia mkono, hawatushiki mkono. Yeye siku yake ya kwanza maabara aliingia na kikombe chake cha chai, akavuta kigoda, akaomba achungulie kwenye hadubini. Nilimwambia chai na sampuli havikai meza moja. Akaiweka chai dirishani, akarudi kuchungulia, akauliza maswali mpaka chai ikapoa na mimi nikakosa chakula cha mchana. Kesho yake akaja tena. Hapo nikajua nimepata mgeni wa kudumu.

Vituko vyake ni vingi, nitataja kimoja tu kwa sababu kamati imenipa kurasa chache. Lifti ya jengo kuu ilikwama akiwa ndani pamoja na wahudumu wawili. Fundi alipofanikiwa kuifungua, wahudumu walitoka mbio wakimshukuru Mungu. Yeye alibaki ndani akimuuliza fundi breki zinashikaje. Mumewe, mwalimu wa hesabu aliyestaafu kabla yake, anasema nyumbani hata sufuria ikichelewa kuchemka huulizwa sababu. Anatuomba tumtafutie mkewe kazi ndogo ya mchana, japo ya siku mbili kwa wiki, ili naye apumzike.

Mchango wake mkubwa ulianza yapata miaka kumi iliyopita, alipopigania tupate programu ya kompyuta ya kusaidia maamuzi ya tiba. Unaipa taarifa za mgonjwa: umri, uzito, majibu ya damu na ya kinyesi, dawa alizowahi kutumia, na mara anazokwenda chooni kwa siku. Yenyewe hulinganisha na maelfu ya wagonjwa waliotangulia, kisha husema dawa ipi ina nafasi nzuri ya kumsaidia huyu, ipi ni kupoteza muda, na kwa nini inafikiri hivyo. Ikiona hali imetulia, skrini huwa ya kijani. Ikiwa na wasiwasi huwa ya njano, na mambo yakiwa mabaya huwa nyekundu. Haimwandikii mtu dawa. Inashauri tu, na kwa kuwa inashauri hata isipoulizwa, wauguzi waliibatiza jina la Shangazi.

Mpasuaji wetu mkuu, mtu mwenye mikono mizuri na maneno makali, alinuna. Alisema hakukesha na vitabu ujana wake wote ili uzeeni aje kuelekezwa na kisanduku. Dokta Hebu hakubishana naye. Aliweka utaratibu ambao mpaka leo ndio wetu: kabla Shangazi hajafunguliwa, kila aliyemo chumbani anasema kwanza anavyofikiri yeye, kuanzia daktari na muuguzi mpaka mgonjwa mwenyewe. Ndipo skrini inageuzwa, wote waione, mgonjwa akiwa wa kwanza. Kama Shangazi kasema tofauti na sisi, hatuondoki mpaka tujue tofauti imetoka wapi. Mara nyingine tuligundua Shangazi kakosea, kwa mfano hakujua kwamba mgonjwa ana kifua kikuu cha zamani kinachofanya dawa fulani iwe hatari kwake. Mara nyingine tulikosea sisi. Dokta Hebu alipokosea yeye, alifurahi kama mtu aliyeokota kitu njiani, na mpasuaji alipokosea, alimpa pole kwa upole uliomuudhi zaidi. Baada ya mwaka mmoja mpasuaji mwenyewe ndiye aliyekuwa akiuliza Shangazi anasemaje.

Sasa makofi. Dokta Hebu ni mtu wa furaha za wazi. Mgonjwa aliyekuwa akienda chooni mara kumi kwa siku akija na kusema sasa ni mara mbili, na Shangazi akageuka kijani, daktari alisimama akapiga makofi. Muuguzi aliyekuwepo akapiga naye. Punde ikawa desturi ya kliniki yetu ya Jumanne. Kijani ikitokea, mlango unafunguliwa, mpokezi anapiga makofi, wanaosubiri kwenye mabenchi wanapiga, na mama wa usafi anaongeza kigelegele. Wagonjwa walitoka wakitabasamu, wengine wakijifuta machozi. Wageni kutoka hospitali nyingine walikuja kutazama, wakaenda kuanzisha ya kwao. Sikuona ubaya wowote, na nani angeuona?

Miongoni mwa waliopigiwa makofi sana ni fundi cherehani mmoja, baba wa mabinti wawili wadogo. Ndiye aliyewashonea wauguzi wetu sare, kwa hiyo tulimhesabu ni mtu wa nyumbani. Nimemwandika hapa kwa ruhusa yake, na kwa sharti lake kwamba nitaje pia kuwa anashona suti. Utumbo wake mpana ulikuwa na vidonda kwa miaka kadhaa. Hofu yake ilikuwa moja tu, upasuaji. Baba yake mdogo aliwahi kukatwa utumbo kwa dharura akiwa hoi, hakutoka hai, na fundi alikuwa amekwisha kumwapia mkewe kwamba yeye hakatwi. Kila Jumanne alisema anakwenda chooni mara mbili, na kila Jumanne benchi zima lilimshangilia.

Siku moja sampuli yake ikafika kwangu, kipimo cha uvimbe kikapanda mpaka nikasafisha mashine nikidhani imechafuka. Nikarudia, ikawa vilevile. Nilipeleka jibu, na Shangazi akawa wa njano, akaandika kwamba maelezo ya mgonjwa na kipimo cha maabara haviendani, vihakikiwe. Kliniki nzima ikakubaliana kwamba maabara imechanganya vikopo. Ndiyo desturi, jambo likiharibika husingiziwa maabara. Nilikasirika sana siku ile, na nilimwambia Dokta Hebu waziwazi kwamba vikopo vyangu havichanganyiki. Nilitarajia anitulize. Badala yake alikaa kwenye kigoda chake, akashika kidevu, akauliza: ikiwa kikopo hakijakosea na mtu huyu hana sababu ya kudanganya, basi tumekosa kuuliza nini? Tukaomba sampuli nyingine. Ikaja na kipimo kibaya kuliko cha kwanza, na fundi akasema bado ni mara mbili.

Jumamosi yake Dokta Hebu alichukua sketi yake, akaenda dukani kwa fundi kuipunguza urefu. Hakumwambia mtu. Alipofika alishangaa kitu kimoja. Dirisha la duka lile ni kubwa na lina mwanga mzuri, lakini chini yake palikuwa na marobota ya vitambaa. Cherehani ilikuwa imehamishiwa nyuma kabisa, kwenye kona yenye giza, na fundi alikuwa akishona kwa taa ya betri. Fundi gani huacha dirisha akashonee gizani? Kisha akaona mlango uliokuwa hatua moja kutoka kwenye kiti chake, nao ni mlango wa choo. Katika muda wa kupima upindo tu, fundi aliomba radhi na kwenda huko mara tatu. Mkewe, aliyekuwa akishona vifungo pembeni, alimtazama daktari machoni kisha akainama, na daktari anasema macho yale hayajamtoka.

Hakumfokea. Fundi aliporudi kukaa, Dokta Hebu alimuuliza taratibu kwa nini hakusema. Fundi aliivua tepu ya kupimia shingoni, akaikunja. Kisha akajibu kwamba mwanzoni ni hofu ya kisu, hilo hawezi kulikana. Lakini baadaye ikawa jambo jingine. Alisema mara ya kwanza zilipokuwa mbili zilikuwa mbili kweli, tukampigia makofi, naye akarudi nyumbani akihisi ameshinda. Ugonjwa ulipoamka, aliingia kliniki akiwa amejiandaa kusema ukweli, akamwona Mama anavyomtazama kwa matumaini na mpokezi ameshaacha kalamu tayari kwa makofi, akaona aibu kutuharibia siku. Akasema mbili. Na ukishasema mbili Jumanne hii, ijayo utaanzaje kusema kumi na mbili?

Dokta Hebu alitoka pale, akaja moja kwa moja maabara nilikokuwa zamu, akalia. Hajanikataza kuliandika hilo. Alisema amekuwa akimpongeza mtu huku anamwangalia akiangamia.

Fundi alilazwa siku ileile, na ulikuwa wakati wa mwisho. Damu ilikuwa imepungua, mapigo yanakimbia, utumbo umechoka. Akaanzishiwa steroidi, dawa kali za kutuliza uvimbe, kwa njia ya mshipa, na baada ya siku chache hali ikawa ileile. Tukakusanyika kitandani kwake kwa utaratibu wetu. Mpasuaji alisema akatwe. Dokta Hebu alisema steroidi ziongezewe siku, zinaweza kuchelewa kushika. Fundi alisema kwa sauti iliyokuwa haisikiki vizuri kwamba hataki kufa na hataki kukatwa, na kwamba anajua hilo si jibu. Skrini ikageuzwa, safari hii ikiwa na namba za kweli. Ilikuwa nyekundu. Shangazi aliwapinga madaktari wote wawili. Kwa mtu mwenye vipimo kama vyake, kuendelea na steroidi peke yake ni kusubiri bure. Lakini dripu ya dawa nyingine, inayoizuia kinga isiushambulie utumbo, bado ina nafasi nzuri, mradi ianze leo. Na ikishindwa ndani ya wiki, kisu kisicheleweshwe.

Walibishana, kama ilivyo ada. Dokta Hebu alitaka kuona sababu moja moja, akakuta iliyomshinda ni protini ya damu iliyoshuka sana, jambo aliloliona kwenye faili akalipita. Akasema hadharani kwamba amelipita. Kisha alivuta kiti akamweleza fundi yote, pamoja na siku ambayo wataacha dawa na kumpeleka chumba cha upasuaji, na akamuuliza kama anaikubali siku hiyo. Fundi aliikubali. Mpasuaji aliikubali. Dripu ikaanza kabla ya magharibi. Siku zile nilipima kila sampuli yake mara mbili. Siku ya mwisho ya mapatano ilimkuta fundi akiwa amekaa kitandani, anadai uji zaidi.

Alipotoka hospitali hakupigiwa makofi, kwa sababu Dokta Hebu alikuwa ameyafuta. Aliwaita wagonjwa wote wa kijani, mmoja mmoja, faragha, akawauliza upya. Wengi kuliko tulivyodhani walikuwa wakipunguza namba, wachache kwa hofu, wengi kwa mapenzi. Bibi mmoja alieleza kwamba alikuwa akipunguza kidogo tu, kama mtu anavyopunguza bei kwa mteja mzuri. Dokta Hebu aliyasema haya yote mbele ya mkutano mkubwa wa madaktari, jina lake likiwa juu kwenye skrini, akiwaomba waliotuiga wayaache makofi. Shangazi hawezi kuwa na akili kuliko tunachomlisha, aliwaambia, na sisi tulikuwa tukimlisha heshima badala ya takwimu.

Tangu hapo kuna kichumba chenye pazia karibu na mapokezi. Mgonjwa huingia peke yake, akabonyeza namba zake mwenyewe kabla ya kuonana na yeyote. Juu yake pana kibandiko kisemacho kwamba hapa hakuna namba ya aibu. Dokta Hebu naye ilimbidi ajifunze kuzipokea namba zote kwa sura moja. Alifanya mazoezi mbele ya kioo, na muuguzi mkuu akawa ndiye mwamuzi. Wiki za mwanzo aliambiwa anaonekana kama mtu anayesubiri chenji. Sasa amefuzu, ingawa nikimtazama kwa karibu bado naona kona ya mdomo ikicheza kijani ikitokea.

Ningependa kumaliza hapo, lakini Dokta Hebu alitaka yote. Ile dawa ilimhudumia fundi miaka minne, kisha mwaka jana ikachoka, kama zinavyochoka mara nyingine. Fundi aliingia nyuma ya pazia, akabonyeza kumi na moja. Mbele ya skrini, zamu yake ya kusema ilipofika, alisema anadhani sasa ni kisu. Shangazi akaonyesha kwamba dawa zilizobaki zina nafasi ndogo, na kwamba akipasuliwa sasa, akiwa na nguvu, hatari yake si kama ya mtu anayepasuliwa kwa dharura. Dokta Hebu ndiye aliyetaka kujaribu dawa moja zaidi. Fundi alimshika mkono akamwambia Mama, tulia. Baba yake mdogo alikatwa akiwa hoi, bila kuulizwa. Yeye anakwenda kwa miguu yake, siku aliyoichagua. Mpasuaji alimfanyia kazi safi. Fundi akaondolewa utumbo mpana, akapata mfuko wa kupokea kinyesi unaobandikwa tumboni, na kwa wiki kadhaa daktari wetu alitembea kama mtu aliyeshindwa.

Kisha ikaja simu, Jumanne, katikati ya kliniki. Fundi alikuwa anapiga kutoka kwa wakwe zake. Hatukuwa tukijua kwamba tangu aoe hajawahi kufika kule, kwa kuwa ni safari ya basi ya siku nzima, na mtu wa hali yake angeikabili vipi? Alikuwa akituma udhuru na zawadi, na mama mkwe alikuwa ameshasadiki kwamba kapata mkwe mwenye dharau. Siku hiyo alikuwa amekaa sebuleni kwa mama huyo, mabinti wakikimbia uani, mfuko wake umetulia chini ya shati alilojishonea mwenyewe. Alikuwa amemweleza mama mkwe kila kitu. Mama mkwe aliomba simu, akamwambia Dokta Hebu kwamba miaka yote ile amemnunia mgonjwa, na sasa hajui aanzie wapi kumwomba msamaha. Dokta Hebu aliweka sauti ya nje tusikie wote. Hakuna aliyepiga makofi. Mpokezi alilia, mpasuaji akageukia ukutani kusoma tangazo la kunawa mikono.

Dokta, kwa niaba ya maabara, wauguzi, wapasuaji walionuna na waliokwisha kuacha kununa, na wagonjwa wako wote, ahsante. Nenda kapumzike na Mwalimu, muishi kwa afya na furaha, na Mungu ampe yeye majibu ya kutosha. Ulitaka tukuage bila kupunguza namba, nasi tumetii. Basi ukituuliza leo hali zetu, hatutasema ni nzuri. Tunaumia, Mama, na hatuna hamu ya Jumanne ijayo.